Joto Lipo, Halijaitwa

Kitu cha kwanza alichofanya Fundi alipoingia nyumbani kwangu kilikuwa kuvua viatu. Cha pili, akavua na soksi. Nilimtazama mzee wa watu amesimama peku kwenye mbao za sebule yangu pale Richfield, Minnesota, mwezi wa kumi, nje kijitheluji cha kwanza kimeshapita kusalimia, nikajiambia haya sasa, nimeletewa kichaa. Akatembea polepole kutoka mlangoni hadi jikoni, akipapasa sakafu kwa vidole vya miguu kama mtu anayetafuta sindano. Karibu na dirisha la jikoni akasimama.

"Ni hapa nyumba yako iko inavuja," akasema.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilikuwa nimetoka shifti ndefu kule makao ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, miguu imevimba. Nilikuwa nimemwita aniwekee mashine, si anikanyagie sakafu. Nikamuuliza, "Mzee, mashine tunaiweka wapi?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Chai tunaiweka wapi?"

Kwao ni Bukavu, hilo alilisema mwenyewe. Ya ukoo wake na ya utoto wake sikuwahi kuuliza, na hapa mjini hakuna aliyemwita kwa jina. Mafundi tunao wengi, wa magari, wa nywele, wa simu, lakini ukisema Fundi ukanyamaza, Mkenya wa Richfield na Mkongomani wa Hopkins wote walijua unamsema yule wa joto. Kazi yake ilikuwa kung'oa matanuri ya gesi kwenye nyumba za watu na kuweka pampu za joto, zile mashine zenye kisanduku cha feni nje ya nyumba. Alikuwa mfupi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio. Penseli hiyo sikuwahi kumwona akiandikia. Vipimo vyote aliviweka kichwani, na ukimwuliza alivisema kwa sauti ya mtu anayesoma Injili.

Sasa nieleze kwa nini nilimhitaji, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami. Kwake ni Kinangop kule Kenya, mahali ambapo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa jalidi na ng'ombe hutoa mvuke puani, na nilipokuwa nikimwonya kwenye simu juu ya baridi ya Minnesota alikuwa ananicheka. "Baridi unaniambia mimi?" Mwezi wa kumi haukuwa umefika nusu, Mama amevaa sweta tatu na kilemba juu ya kofia. Fanesi yetu, lile tanuri la gesi kule besmenti chini ya nyumba, lilikuwa limenizidi umri. Likinguruma, sebule inakuwa oveni, na chumba cha Mama kule nyuma kinabaki friji. Siku moja akaweka kikombe chini akanitolea neno.

"Nitavumilia hadi Krismasi. Baridi ikinishinda, nikatie tiketi nirudi kwangu."

Mama akisema amesema. Na mimi nilimzika baba kwa simu, mtu ameishika juu ya kaburi nisikie nyimbo, nimekaa kwenye gari langu kwenye maegesho ya kazini. Niliapa siku ile kwamba Mama hatanifia mbali. Kwa hiyo watu wakizungumza habari za hewa chafu na dunia kuchemka, mimi nakubali, ni kweli na ni jambo kubwa. Lakini nisidanganye. Niliita pampu ya joto kwa sababu ya chumba kimoja cha nyuma na mwanamke mmoja aliyeanza kulikodolea macho sanduku lake.

Basi Fundi akaketi jikoni, akatia sukari vijiko vitatu, akauliza swali alilokuwa akiuliza kila nyumba kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa: "Nani anasikia baridi humu?"

Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bon. Maman, nitakuambia. Kule kwetu nilikuwa fundi wa friji. Friji inafanya nini? Inakamata joto ndani ya soda, inaitupa kule nyuma. Weka mukono nyuma ya friji, utasikia. Hii mashine ni friji imegeuka. Inakamata joto kule inje, inaileta munyumba."

"Huko nje kuna joto gani, na maji yameganda?"

"Joto iko, Maman. Haijaitwa tu."

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kikuyu mtu huyu nimemtoa wapi. Fundi hakujua Kikuyu lakini alijua kudharauliwa, akaweka kikombe chini, akanyoosha kidole juu. "Maman, kama Krismasi utasikia baridi humu, miye naacha hii kazi. Narudia friji za bière kule baa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Mama na tiketi yake, Fundi na kiapo chake, na mimi katikati nimeshika birika.

Kumfanya Fundi aweke mashine yenyewe, hata hivyo, ilikuwa vita. Watu wengi walimwacha hapo wakaenda kwa mafundi wengine. Hakuweka mashine kabla nyumba haijazibwa. Alikuwa na kipande cha karatasi ya chooni mfukoni, na alikishika mbele ya kila dirisha, kila mlango, kila tundu la waya. Kikipepea, anatikisa kichwa kama daktari. "Usinunue ng'ombe kama ndoo inavuja," alisema. Kwangu alipanda darini asubuhi, akajaza sufi ya kuzuia baridi, akashuka mchana akiwa mweupe kama mtu aliyelala kwenye unga wa posho mill. Mama alimcheka hadi akashika mbavu, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu atue. Mashine hata haikuwa imeletwa.

Mtu huyo alikuwa na lugha kwa kila kiumbe. Wateja aliwasemesha Kiswahili chake cha Bukavu. Inspekta wa mji akija kukagua, anapewa Kiingereza kifupi kilichopigwa pasi. Mashine alizisemesha Kifaransa. Akichomea mabomba ya shaba husikii neno, lakini akishamaliza, akifyonza hewa yote na kungoja kuona kama kuna mahali panavuja, anaanza kuibembeleza: allez, ma chérie, doucement. Ikikataa, hatukani. Anahamia Kifaransa cha adabu, kile cha kumsemesha mama mkwe. Hakuwahi kusema "sijui". Ukimwuliza jambo lililomshinda alisema, "Nitaiuliza," kisha anakwenda kuchutama karibu na mashine kwa muda mrefu, na mara nyingi anarudi na jibu.

Mafundi wa umeme aliwaheshimu jinsi mtu anavyomheshimu shemeji, yaani kwa mbali. Hakuna kazi yake iliyokamilika bila wao, na hakuna iliyokamilika kwa wakati kwa sababu yao. "Amesema Jumanne," alikuwa akiniambia. "Lakini hakusema Jumanne ya mwaka gani."

Kanisani kwetu kule Savage, kwenye jengo lililokuwa bohari karibu na mto, alikuwa anasinzia kwenye mahubiri bila aibu yoyote. Ukidhani hasikii, unakosea. Jumapili moja, wakati wa matangazo, akasimama na kofia yake kichwani. "Pasta, mimi ninaomba neno. Leo batu wamepiga makofi mingi. Si Roho. Ni mikono inatafuta joto." Kanisa likaangua kicheko, pasta mwenyewe akacheka akiwa ndani ya koti. Mwezi uliofuata Fundi alikuwa juu ya ngazi mle ndani, anaziba kingo za yale malango makubwa ya bohari, na akina mama wanapokezana kumletea sambusa. Akasinzia kwenye mahubiri tena, safari hii kwa raha zaidi.

Lakini msimfanye malaika. Kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha watu wawili. Na gari lake! Mtu aliyewapasha joto watu wa miji yetu yote alikuwa anaendesha gari la mizigo lenye hita iliyokufa, glavu mbili mbili mkononi, anakwangua barafu ya kioo kwa ndani huku akiendesha. Nilimwambia, "Fundi, si u-fix hiyo hita?" Akaniambia yeye si mekanika. Kwake hakuwahi kumkaribisha mtu. Tulijua anakaa Hopkins, basi. Ukimwambia utampitia, anakwambia yeye yuko njiani, atakupitia wewe.

Kiburi hicho ndicho kilichotuponza. Mashine yangu ilisimikwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, imeinuliwa kwenye miguu ya chuma ili theluji isiifukie. Chumba cha Mama kikapata joto sawa na sebule, na Mama akavua sweta moja. Ilikuwa imebaki koili ya umeme, ile ya akiba ya kusaidia siku ambazo baridi inapita kiasi, na koili ilikuwa inamngoja fundi wa umeme. Jumanne zikapita. Fundi hakushtuka. "Hatutaihitaji mbele ya Noeli," akasema. Akanieleza kila kitu cha mashine, vitufe na vichujio, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikakimbilia kazini. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi.

Wiki moja kabla ya Krismasi ikaja ile baridi ya kukausha unyevu puani. Niko kazini, nampimia mzee mmoja presha, simu ikalia.

"Nyumba imepoa," Mama akasema. "Nimetoa sanduku."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Nikampigia Fundi nikamfokea maneno ambayo muuguzi hafai kuyasema mbele ya mgonjwa, nikaomba ruhusa, nika-drive nikilia. Kichwani nilimwona Mama kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mgongo kwangu. Nyumba yangu iko njia ya ndege, zinapita juu ya paa kutwa nzima. Siku hiyo kila moja niliyoiona niliichukia.

Kufika, gari la Fundi liko nje. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Fundi alikuwa ameketi kwenye theluji, ameketi kabisa, makalio chini, anacheka bila sauti hadi machozi yanaganda. Mapajani ameshika blanketi la Mama, lile zito lenye picha ya tausi alilotoka nalo Kinangop, limekauka kwa barafu, gumu kama ubao. Kando yake kuna kamba ya kuanikia nguo. Mama amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Unacheka nini? Kilikuwa kinatetemeka!"

Ndipo nikaelewa. Mashine hizi, barafu ikizishika nje, huwa zinajipasha zenyewe dakika chache ziiyeyushe, na hapo hutoa mvuke mwingi. Mama alikuwa dirishani asubuhi. Akaona kile kisanduku kiko nje peke yake, kinatetemeka, kinatoa mvuke kama ndama mwenye homa. Na mtu wa Kinangop akiona ndama wa namna hiyo kwenye jalidi hafikirii mara mbili. Alikifunika, akakifunga vizuri kwa kamba, akarudi ndani ameridhika. Mashine ikakosa hewa, ikajizima.

"Mama!" nikaanza, na yaliyokuwa yanafuata hayakuwa mazuri. Fundi akainua mkono.

"Usimuseme Maman. Kosa ni yangu mbili. Ya kwanza, ile koili. Ya pili, nilieleza mashine kwa mwenye nyumba. Sikuieleza kwa mwenye kushinda munyumba."

Akainuka, akajipangusa theluji, akaomba maji ya vuguvugu. Akaimwagia mashine taratibu, barafu ikaachia, akaisemesha Kifaransa cha adabu. Feni ikazunguka. Kisha akamwita Mama, akamshika mkono kumvusha kwenye utelezi, akamwonyesha vile vibati vyembamba vya ubavuni.

"Maman, hapa inavuta hewa. Hapa ni pua. Ndama unamufunika mugongo. Haumufuniki pua."

Mama akainama, akaweka kiganja, akasikia hewa inavyovutwa. "Hata mtoto anajua hilo," akasema. "Mbona hukuniambia kwamba hapo ndipo pua?"

"Ndiyo kosa yangu, Maman."

Kabla jua halijazama nyumba ilikuwa imerudia joto lake, na kesho yake fundi wa umeme alikuwa mlangoni, sijui Fundi alimfanya nini. Mimi niliendelea kulitazama lile sanduku pale kitandani kwa Mama. Halikuwa limefungwa na halikuwa limetolewa nguo. Siku ya Krismasi Mama alipika chapati amevaa sweta moja, mikono imekunjwa. Fundi alikuja akavua viatu, akavua soksi, akatembea hadi chumba cha nyuma na kurudi.

"Maman, unasikia baridi?"

Mama aligeuza chapati kwanza. Akanitazama mimi, si yeye. "Huko nje mnaweka wapi ufagio?" akauliza. "Kile kitu kitajaa theluji kwenye pua na hakuna anayekiangalia."

Nikaingia bafuni nikalia, nikanawa, nikatoka. Sanduku lilirudi chini ya kitanda na liko huko hadi leo.

Tangu siku hiyo Fundi alibadili desturi yake. Kila nyumba aliyoingia, baada ya chai, aliuliza nani ni mkubwa kuliko wote humu, na huyo ndiye aliyepelekwa nje kuonyeshwa pua. Nimewaona wazee wa watu, wengine na magongo, wamesimama kwenye barafu wameweka viganja kwenye mashine huku wana wao wenye nyumba wanangoja mlangoni. Hadithi ya blanketi aliisimulia kila mahali, na kila mahali alisema ilikuwa nyumba ya mtu wa Savage. Mama alijua na alipenda.

Mwaka huu, baada ya theluji kubwa, tukasikia goti lake limekataa. Ngazi hapandi tena, kazi ameacha. Mama akasema twende tukamwone. Nikamwambia Fundi hapendi kutembelewa. "Kwani namwomba ruhusa?" Akapika mukimo wa viazi na mahindi, akajaza chupa ya chai, na akabeba mfuko mwingine mkubwa ambao sikuuliza una nini.

Anakaa ghorofa ya pili, jengo la zamani la kupanga. Alichukua muda kufungua. Alikuwa amevaa koti. Kofia hadi kwenye nyusi, skafu, glavu zilizokatwa vidole. Nilidhani anatoka.

"Karibuni," akasema, na neno likatoka na moshi.

Mama aliketi, akainama kwa shida zake, akavua viatu. Akavua soksi. Mama yangu, kwa umri ule, akatembea peku kwenye sakafu ya Fundi, polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani, na pale dirishani akasimama. Akatoa karatasi ya chooni mfukoni, akaishika mbele ya kioo. Ikapepea kama bendera.

"Maman," Fundi akasema. Nilikuwa sijawahi kumwona ameona haya. "Nyumba si yangu. Mwenye jengo nimemwambia. Amesema..."

"Amesema Jumanne," Mama akamalizia.

Fundi akacheka, halafu kicheko kikamwisha njiani. Akasema kila siku alikuwa akirudi usiku amechoka, analala na koti, kesho anakwenda tena nyumba za watu. Hakuwa na siku ya kusikia baridi. Sasa anashinda ndani, anaisikia.

"Kinyozi hajinyoi," Mama akasema. "Lakini ananyolewa. Huyu," akanionyesha mimi, "atarudi kesho na sufi na gundi ya kuziba, utakaa hapo kwenye kiti umwambie anakosea wapi. Na mwenye jengo nitampigia mimi, kwa Kiswahili. Ataelewa."

Kisha akafungua ule mfuko mkubwa. Tausi alikuwa amefuliwa, rangi zimefifia kidogo, pembeni bado kuna alama ya kamba. Fundi alilitazama lile blanketi akalitambua.

"Maman, si hii ilikuwa ya mashine?"

"Mashine haikulihitaji. Ulinifundisha mwenyewe."

Akamkalisha kwenye kiti, akamfunika magoti, mgongo, mabega, akakaza pembe moja baada ya nyingine kama alivyofunga siku ile. Alipofika shingoni akasimama, akalivuta chini kidogo, akalilaza vizuri chini ya kidevu.

"Pua nimekuachia," akasema.